Namna ya Kumuuliza Mgonjwa Asemaye Hajambo

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niandike machache kabla sijasahau, na aliyenifikishia ombi hilo akaongeza kwamba yasiwe marefu. Nimejaribu. Nimestaafu mwaka huu, nipo kwangu Tiwi, nina kuku na shamba la mihogo, na kwa mara ya kwanza tangu usichana wangu hakuna mtu kitandani anayenisubiri nimgeuze. Mambo ya vyeo, na nani alipandishwa kabla ya nani, nayaacha. Wanaoyakumbuka wanayakumbuka vizuri kuliko mimi.

Kwa yule atakayesoma naye si wa kazi hii, niseme tu kwamba nilikuwa muuguzi, kisha nikawa mkaguzi wa hospisi. Hospisi ni mahali, au kikundi cha watu, wanaowauguza wagonjwa ambao maradhi yao hayatapona tena. Hospitalini unaweza kupima kazi kwa kuhesabu waliorudi nyumbani kwa miguu yao. Hospisi huna hesabu hiyo. Wote watakufa, na hilo si kosa la mtu. Unachopima ni jinsi wanavyoishi siku zilizobaki, na hilo halionekani kwa macho ya haraka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana. Nilipelekwa wodi ya watu wazima, chini ya Sista Zuhura, mwanamke mwembamba wa Msambweni ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Akaniambia nizunguke vitandani niwaulize wagonjwa hali zao, kisha nirudi nimweleze. Nilizunguka kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani. Wakubwa niliwaamkia shikamoo, wengine nikawauliza habari za kuamka. Nikarudi upesi, nimejaa furaha.

"Wote hawajambo, Sista."

"Wote?"

"Wote. Wengine wamesema alhamdulillahi."

"Basi tufunge wodi twende zetu nyumbani," akasema, wala hakucheka.

Akanishika mkono akanirudisha hadi kitanda cha pembeni. Pale palikuwa na mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Kinango, mwenye uvimbe kwenye paja ambao ulikuwa umeshaingia mfupani. Sista Zuhura akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza kama mvua imenyesha kwao, kama mbuzi wamepata majani, nani anawachunga. Mzee akajibu yote. Kisha Sista akamuuliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia mbuzi, "Na jana usiku, baba, umelalia ubavu gani?"

"Sikulala, mwanangu. Nilikaa."

"Ulikaa kwa nini?"

"Nikijinyoosha ni kama kuna mtu anachokonoa mfupa kwa msumari."

"Mbona huyu binti alipokuuliza ulimwambia hujambo?"

Mzee akanitazama kwa huruma. "Aliniamkia vizuri," akasema. "Nimjibu nini tena?"

Hiyo ndiyo elimu niliyoitumia mpaka siku ya mwisho, na sikuipata darasani. Watu wetu wa pwani hii na wa bara yake ya nyuma ni watu wa adabu. Ukimjulia mtu hali anakurudishia salamu, hakupi taarifa. Anayetaka taarifa aulize kitu kisichokuwa na jibu la heshima. Alilalia ubavu gani. Aliswali amesimama au amekaa. Alikula tonge la mwisho lini, na aliliacha kwa sababu ameshiba au kwa sababu limemshinda. Sista Zuhura alikuwa na maswali mengi ya namna hiyo, na kila mgonjwa alimchagulia lake.

Mengine aliyonifunza ni ya mikono na macho. Angalia kinywa cha mgonjwa kabla ya faili lake. Ulimi uliokauka na midomo iliyopasuka vinakwambia kama kuna mtu anayekaa naye au wanapita tu. Angalia visigino, kwa sababu vidonda vya kulalia huanzia pale watu wasipopatazama. Angalia kikombe cha maji kimewekwa wapi; kikiwa mbali na mkono wa mgonjwa, kimewekwa kwa ajili ya wageni. Na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu isikudanganye. Sakafu haiumwi.

Baada ya wodi nilifanya kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani kwa miaka mingi, kuanzia Tiwi hadi ndani kabisa Mkongani, mkoba begani, na ndani ya mkoba pamba, glavu, mafuta ya kukandia na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Hiyo chupa ilinipa taabu kuliko kilima chochote. Watu waliiita dawa ya kufia. Walikuwa wameona kwamba jirani alipewa, na jirani akafa, wakaunganisha. Mume mmoja wa Mkongani, mkulima mpole sana, alikuwa anaificha chupa ya mkewe kwenye ghala la mahindi kila nilipoondoka. Mke alikuwa na saratani ya titi. Sikumgombeza. Nilimwambia nitakaa mpaka alasiri, na yeye mwenyewe ndiye atakayempa mkewe kijiko, mimi nitatazama tu. Alimpa. Kisha akakaa mlangoni akimsubiri afe. Mkewe akatoka nje, akaomba ungo, akaanza kupambua kunde. Mume alimtazama, halafu akaenda ghalani akairudisha chupa ya mwezi uliopita, imejaa.

Baadaye hospisi zikaanza kuongezeka kusini huku. Nyingine za makanisa, nyingine za misikiti, nyingine za wageni waliokuja Diani kwa mapumziko wakaingiwa na imani. Zikahitaji mtu wa kuzikagua, na ofisi ya afya ya Kwale ikaniita. Nikapewa karatasi za ukaguzi zenye maswali ya ndiyo na hapana. Ziliuliza kama kuna kizima moto. Ziliuliza kama kuna kibao mlangoni na kama kibao kinasomeka. Kuhusu maumivu kulikuwa na swali moja, mkaguzi amuulize mgonjwa kama anaridhika na huduma. Mtu amelishwa, ameogeshwa, amefunikwa shuka safi na watu baki, umuulize kama anaridhika, akujibu nini? Nilijaza karatasi zile kama nilivyotakiwa, na nyuma yake niliandika mambo yangu. Nawaomba msiache kufanya hivyo. Na kila mara nilifanya jambo moja ambalo karatasi haikuagiza, niliwapigia simu jamaa wa wagonjwa, hata kama mahali penyewe paling'ara.

Sasa niwaeleze kisa ambacho wengi wenu mmekisikia vipande vipande, na vipande vingine si vya kweli.

Kulikuwa na makao mamoja Diani, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Jina lake naliacha. Palikuwa pazuri. Vyumba vina madirisha mapana, bustani ina mijasmini, wahudumu wanawaita wagonjwa baba na mama na wanamaanisha. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Muthama, Mkamba mrefu aliyewahi kuwa meneja wa hoteli. Mamake alifia kwenye korido ya hospitali huko kwao, naye akaapa kwamba pesa zake za hoteli zitaishia mahali ambapo hakuna anayekufa koridoni. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Grace, mchapakazi, mkali kidogo kwa wahudumu lakini si kwa wagonjwa. Nilifika Jumatano. Nikaangalia vinywa, nikaangalia visigino, nikauliza maswali ya Sista Zuhura. Kila kitu kilikuwa sawa. Niliulizia mofini, nikaonyeshwa kabati la chuma lenye kufuli, kila chupa imeandikwa jina la mgonjwa na kipimo cha daktari. Hata visivyoulizwa kwenye karatasi vilikuwa sawa.

Kitanda cha karibu na mlango alilala Bi Mwanatumu. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, mwanamke mnene ambaye ugonjwa ulikuwa umempunguza ukamwachia sauti tu. Saratani yake ilikuwa ya kizazi na ilishashika uti wa mgongo. Siku hiyo alinisimulia habari za mwalimu mkuu aliyekuwa akiiba maharagwe, akacheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Kisha akanisifia binti yake wa pekee, Riziki, anayefua nguo hotelini na kuishi katika chumba kimoja cha kupanga Bongwe.

"Huyo mtoto ni roho yangu," akasema. "Kila Jumapili yuko hapa. Hajakosa hata moja."

Jioni nilimpigia Riziki, kama nilivyowapigia wengine. Nikamwambia mamake amenisimulia habari zake kwa furaha.

"Sista, labda umezungumza na mgonjwa mwingine," akasema. "Mama yangu amenichukia."

"Amekuchukia vipi?"

"Tangu nimpeleke pale. Nikienda ananigeuzia mgongo. Nampikia, hali. Namsemesha, hanijibu. Akinijibu ni neno moja, nenda. Nimeshamwomba radhi mara nyingi, hataki. Mimi sikuwa na la kufanya, Sista. Nikikaa naye nyumbani nafukuzwa kazi, nikifukuzwa kazi tutakula nini sote wawili?"

Nilikaa na maneno hayo Alhamisi na Ijumaa. Ningeweza kusema kwamba wazee wana vituko vyao. Lakini mwanamke niliyemwona mimi hakuwa na kinyongo na mtu, isipokuwa labda yule mwalimu wa maharagwe. Tofauti pekee niliyoiona kati ya mama niliyemwona na mama aliyemwona Riziki ilikuwa siku. Mimi nilikwenda Jumatano. Yeye huenda Jumapili.

Basi Jumapili nikaenda, bila kumwarifu mtu.

Askari wa langoni alishangaa lakini akanifungulia. Bustani ilikuwa na wageni, watoto wanakimbizana, jamaa wamekuja na mabirika ya chai. Ukipita haraka ungesema ni arusi. Niliingia chumbani. Riziki alikuwa amekaa kwenye kiti, msichana mwembamba aliyejifunga leso mpya, na mbele yake bakuli la wali wa nazi halijaguswa. Mamake alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilizunguka upande wa ukutani nikachuchumaa. Alikuwa ameuma pindo la leso yake kwa meno, jasho limemtoka usoni kama mtu aliyetoka kuoga, na macho ameyafumba kwa nguvu. Pindo lile lilikuwa limetafunwa likabaki nyuzi. Hiyo haikuwa kazi ya Jumapili moja.

"Bi Mwanatumu," nikasema polepole. "Ni mimi, Sista Mejumaa wa Jumatano."

Akafumbua macho. Akaachia leso. "Hujambo, mwanangu," akasema.

Hata hapo alinijulia hali kwanza.

Nikamwomba Riziki atoke kidogo aninunulie maji. Alipotoka nikauliza, "Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Maumivu yakija hayanitoki mpaka Jumatatu."

"Na dawa?"

"Dawa iko kabatini. Ufunguo uko Mombasa."

Kwa maneno machache, na mengine baadaye kutoka kwa wahudumu, nikaelewa. Zamani makao yale yalikuwa na wauguzi wawili. Mmoja alipata kazi Uarabuni akaondoka, na hakupatikana wa kushika nafasi yake. Akabaki Sista Grace peke yake, na sheria ni kwamba mofini ishikwe na muuguzi aliyesajiliwa, chini ya kufuli. Ijumaa jioni Sista Grace alivuka feri kwenda kwa watoto wake, na ufunguo, kwa uaminifu wake wote, ulivuka naye. Jumamosi na Jumapili walibaki wahudumu na vidonge vya kawaida vya maumivu ya kichwa. Jumatatu asubuhi akirudi aliwauliza wagonjwa wameshindaje, nao, watu wenye adabu, wakamjibu hawajambo.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" nikamuuliza Bi Mwanatumu.

"Nimwambie nani? Huyu mhudumu mtoto wa watu hana ufunguo. Nikilia, atalia na yeye." Akapumua. "Na nikilalamika watasema pananishinda hapa. Watanirudisha Bongwe. Riziki ataacha kazi aniuguze. Usimwambie, mwanangu. Mwache ajue mama yake ni mwanamke mkorofi tu."

Nilitoka nikamkuta Bwana Muthama ameshafika, ameitwa na askari. Nilimweleza. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyepigwa kofi. Akampigia Sista Grace simu, haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Bila shaka alikuwa kanisani.

"Vunja kufuli," nikasema.

"Madamu, hiyo kabati siwezi gusa. Hiyo ni dawa ya kufungwa nayo jela. Wakikuja kesho wapate imevunjwa, hapa patafungwa, na hawa wote wataenda wapi?"

"Chati zipo. Kipimo cha daktari kipo. Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa. Nitatoa mimi, nitatia saini mimi, kwa jina langu."

"Lakini wewe umekuja kutukagua."

Hapo alisema kweli, na nilijua. Mkaguzi haruhusiwi kumgusa mgonjwa wa mahali anapokagua. Akigusa, ukaguzi wake umeharibika, kama refa aliyepiga mpira. Kanuni hiyo ni nzuri, nami nimewafunza wengi wenu. Lakini kutoka pale niliposimama nilikuwa nauona mgongo wa Bi Mwanatumu kupitia mlango ulio wazi, na mgongo ule ulikuwa unatetemeka. Jumatatu ilikuwa mbali.

"Bwana Muthama," nikasema, "mamako alipokuwa kwenye korido ile, wewe ulikuwa unataka mtu afanye nini?"

Alitembea hadi stoo, akarudi na nyundo. Kufuli lilikuwa imara, alipiga mpaka watoto bustanini wakanyamaza.

Nilinawa mikono. Nikasoma chati ya kila mmoja mara mbili, nikapima, nikamwita mhudumu ashuhudie. Wagonjwa wanne walikuwa wa mofini. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa amejifunika gubigubi nikidhani amelala, alinyoosha mkono kutoka chini ya shuka kabla sijasema neno. Mwingine, mama wa Kiduruma ambaye hatukuelewana sana lugha, alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia mpaka alipomeza. Wa mwisho nilimpa Bi Mwanatumu, kwa sababu alikataa kupewa kabla ya wenzake.

Kisha nikakaa. Dawa ile haiendi mbio. Riziki alikuwa amerudi na maji, amesimama mlangoni, hajui kinachoendelea. Nikamwambia akae upande wa ukutani, pale ambapo mamake alikuwa ameelekea. Akakataa, akasema atamuudhi. Nikamwambia akae.

Kwanza ilikuwa mabega, yalishuka. Halafu ngumi ikafunguka. Halafu Bi Mwanatumu akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akamtazama binti yake kwa muda.

"Mbona umekonda?" akamuuliza.

Riziki akaangua kilio. Nikatoka, kwa sababu hapo hapakuwa na kazi yangu tena. Nilimwacha mama amweleze binti yake mwenyewe, na alimweleza, maana nilisikia Riziki akirudia, "Kumbe, mama? Kumbe?" Niliombwa nisimwambie, na sikumwambia. Alijionea.

Nilimwita muuguzi niliyemfahamu Ukunda, akakubali kushika zamu ya usiku ule mpaka Sista Grace arudi. Sista Grace mwenyewe alipiga simu mchana, alipotoka kanisani. Hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu: "Kila wikendi?" Nikamwambia kila wikendi. Akakata simu, na magharibi alikuwa amefika, hajabadilisha nguo za ibada, akaenda kitanda kwa kitanda.

Nikaandika ripoti yangu. Niliandika yote, pamoja na nyundo.

Mkuu wetu wa wakati huo, daktari ambaye namheshimu mpaka leo, aliniita ofisini Kwale. "Bi Mejumaa," akasema, "ulitumwa kupima, hukutumwa kutibu." Nikasema ndiyo. Akasema ripoti yangu haiwezi kutumika, kwa kuwa mkaguzi ameingilia. Atatumwa mwingine aanze upya, na makao yataarifiwa siku kabla ya kufika kwake. Nikamwambia akija siku ya kazi atakuta nilichokikuta mimi Jumatano. Akasema utaratibu ni utaratibu. Nikapewa barua ya onyo, ambayo ninayo bado, na kwa kweli katika barua zote nilizoandikiwa na ofisi ndiyo yenye Kiswahili kizuri zaidi.

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Ripoti yangu ikitupwa, makao yale yangepita ukaguzi wa pili kwa alama za juu, na kibao kinasomeka. Bwana Muthama hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunyamaza tu. Badala yake alikuja Kwale bila kuitwa. Nilikuwa kwenye benchi la nje, nikamwona anapita, ameshika kofia mkononi. Mlango haukufungwa vizuri, kama milango yote ya ofisi ile.

"Daktari, nimeskia ripoti ya huyu madamu mmeiweka kando," akasema. "Nimekuja kusema ni ya ukweli yote. Nyundo nilishika mimi. Kama ni kufunga, fungeni, lakini kwanza nipeni muda hawa wagonjwa wapate mahali. Na kama si kufunga, mniambie nifanye nini, na mtume mtu aje siku yoyote, asiniambie."

"Bwana Muthama," daktari akasema, "tangu nianze kazi hii, wewe ni wa kwanza kuja kujishtaki."

"Sijajishtaki," akasema. "Nimechelewa tu."

Hapakufungwa. Makao yale yalipewa miezi ya kujirekebisha. Muuguzi wa pili akapatikana, na baadaye wa tatu, na ufunguo ukaanza kukabidhiwa mkono kwa mkono, zamu kwa zamu. Mkaguzi wa pili alikwenda Jumamosi. Mimi sikuruhusiwa kukagua tena pale, na ndivyo inavyofaa. Swali la kuridhika liliondolewa kwenye karatasi, likawekwa jingine: mgonjwa amelalaje usiku wa jana na usiku wa juzi. Mmelizoea sasa, mnadhani lilikuwepo siku zote. Na ukaguzi wa siku za mapumziko, ambao najua mnaunung'unikia, ulianzia hapo. Nung'unikeni, lakini nendeni.

Bi Mwanatumu aliishi miezi michache baada ya Jumapili ile. Alifariki mchana, wageni wakiwepo. Nilikwenda matangani Bongwe, nikawapa mkono wazee, kisha nikaenda kukaa na wanawake uani. Riziki akaja akakaa karibu nami mkekani. Macho yamemvimba, lakini hakuwa yule msichana niliyezungumza naye kwenye simu. Nikamwambia Mwenyezi Mungu amrehemu mamake. Akaitikia amina.

"Sista," akasema, "Jumapili ya wiki iliyopita alinigombeza mchana kutwa. Kwa nini nimesuka nywele zile, kwa nini natembea na yule fundi wa mabomba, kwa nini sijiwekei akiba. Mpaka wenzake wa vitanda vingine wakawa wanamwambia, Mwanatumu, mwache mtoto. Hakuniacha."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Nilitoka pale nimekasirika sana," akasema, na akaanza kucheka, hapo hapo matangani, mpaka shangazi yake akageuka kumtazama. "Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia mama yangu."